Kalamu au kamari?

Katika hadithi hii kuna mtu aliyekwisha kufa kabla ya hadithi kuanza, nami naona yeye ndiye mhimili wa nyumba nzima. Alikuwa mchoraji wa hadithi za picha nchini Japani. Siku za uhai wake alikuwa akimwambia mtoto wa nduguye kwamba mchoraji ambaye bado hajapata kazi ya kumlisha umri wake wote asijidanganye kwa jina la usanii. Huyo ni mcheza kamari, basi. Maneno hayo yalimkaa yule mtoto kifuani, na ami yake alipofariki, mtoto akaiweka kalamu chini.

Kamari, msomaji mpenzi, ni neno zito masikioni mwetu watu wa Mwambao. Tumefunzwa tangu utotoni kwamba ni haramu, na siku hizi twaiona ikiingia mifukoni mwa vijana wetu kwa njia ya simu, kijana akiweka shilingi zake juu ya mpira unaochezwa Ulaya. Basi neno hilo linapotamkwa ndani ya katuni ya vijana, hapana budi mtu mzima aketi kitako asikilize. Swali linaloulizwa humo ni kubwa kuliko katuni yenyewe: mtu anayeitoa nafsi yake kwa kalamu, akitaraji siku moja imlishe, je, anafanya kazi au anacheza kamari?

Si Manga ya Maskati

Katuni hiyo yaitwa Bakuman. Si mpya. Ilianza mwaka 2008 kama hadithi ya picha katika jarida la kila wiki liitwalo Shonen Jump, ikaendelea hadi 2012 na kujaza vitabu 20. Ikageuzwa kuwa katuni ya televisheni, na shirika la utangazaji la Japani, NHK, likaanza kuionyesha tarehe 2 Oktoba, 2010. Awamu zake ni tatu, na kila awamu ina sehemu 25. Mimi nimetazama sehemu 12 za mwanzo. Kwa hivyo haya ni maoni ya msafiri aliyeiona bandari kwa mbali, bado hajashuka.

Msomaji asichanganywe na neno. Sisi tukisema Manga twakusudia Uarabuni. Twawajua Wamanga na twaijua pilipili manga. Wajapani wakisema manga wakusudia hadithi zinazosimuliwa kwa picha zilizopangwa katika vyumba vidogo vidogo, na maneno ya wasemaji yakiwa ndani ya viputo. Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hahitaji kufunzwa jambo hilo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alimchekesha kwa miaka mingi. Tofauti iko katika ukubwa wa shughuli. Kwetu kibonzo ni kipande kimoja katika ukurasa wa gazeti. Kwao ni jarida zima, nene kama tofali. Mwishoni mwa mwaka 1994, Shonen Jump lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja la wiki. Tangu 2017 limeshuka chini ya milioni 2, lakini hata baada ya kushuka huko, ni magazeti machache mno duniani yanayoweza kusimama karibu nalo.

Aghalabu katuni za Kijapani zinazotazamwa na watoto wetu ni za mapanga na mapigano, mashujaa wenye nywele za miiba wakirushana angani. Bakuman haina hayo. Humu vita vyote hupiganwa mezani, na silaha ni karatasi, wino na taa ya usiku.

Nadhiri ya mlangoni

Kisa chenyewe ni hiki. Moritaka Mashiro ni mwanafunzi wa miaka 14. Mkono wake wajua kuchora, lakini hachori tena ila kwa siri, na anachokichora ni sura ya msichana wa darasani mwake, Miho Azuki. Siku moja alisahau daftari lake shuleni. Aliyelipata ni Akito Takagi, kijana wa kwanza kwa masomo, naye hakulirudisha burebure. Alikuja na shauri: yeye Takagi atunge hadithi, Moritaka achore, na wawili hao wawe waandishi wa manga. Moritaka akataa. Amwona ami yake mbele ya macho.

Takagi si mtu wa kukatazwa mara moja. Ampeleka mwenziwe hadi mlangoni kwa akina Azuki, na hapo yajulikana kwamba binti naye ana ndoto yake: ataka kuwa mtia sauti wa katuni, kazi ambayo sisi tuliokulia kwenye michezo ya redio twaweza kuifahamu upesi. Basi Moritaka, badala ya kuaga na kwenda zake, aropoka. Amwambia binti kwamba siku hadithi yake itakapofanywa katuni na yeye Azuki atakapoitia sauti, amkubali waoane. Binti akimbilia ndani. Kisha sauti yake yatoka katika chombo cha mlangoni: amekubali, ila kwa sharti kwamba mpaka siku hiyo ifike wasionane, watiane moyo kwa ujumbe tu.

Vijana wa mjini watacheka. Mimi sikucheka sana. Katika desturi zetu posa ilipitia kwa wazee, na wachumba wengi hawakuonana uso kwa uso hadi siku ya harusi. Jambo la kungoja si geni kwetu. Kilicho kigeni hapa ni kwamba watoto wamejiposea wenyewe, na mahari waliyoyataja ni kazi. Si fedha wala dhahabu. Kazi iliyokamilika na kuonekana na watu.

Halafu twaonyeshwa kwa nini ulimi wa Moritaka uliteleza kiasi kile. Marehemu ami yake, Nobuhiro, alimpenda mwanamke mmoja kwa miaka mingi, wakiandikiana barua. Hakuthubutu kutamka. Alijiwekea ahadi kwamba atasema siku hadithi yake itakapofanywa katuni. Siku hiyo ilifika kweli, lakini mwanamke alikwisha olewa. Na mwanamke huyo ndiye mama yake Miho Azuki. Kwa hivyo kijana alipotamka mlangoni, alikuwa akilipa deni la mtu mwingine, ingawa mwenyewe hakujua.

Mambo matatu

Ami huyo alipata hadithi moja tu iliyovuma, kisa cha shujaa wa kuchekesha, na ikafika hadi televisheni. Baada yake hakupata nyingine. Kila alichopeleka kilikataliwa, na bado alichora. Alikufa kazini. Watu wa nyumbani walisema kazi nyingi ndiyo iliyomwua. Moritaka moyoni mwake alishuku kwamba alijiua. Basi mtoto aliyekuwa akiketi kando ya meza ya mtu huyo, akaona alivyoinuka na alivyoanguka, hawezi kudanganywa na wimbo wa kwamba ndoto zote hutimia. Hilo ndilo linaloipa katuni hii uzito ambao sikuutarajia. Inaanza kwa kuhesabu hasara.

Lakini ami hakumwachia mtoto kilio tu. Alimwachia kanuni. Alisema kwamba mtu asiyezaliwa na kipaji cha ajabu aweza kuwa mchoraji akiwa na mambo matatu: kwanza ajione kwamba yeye ni bora na aweza kushinda wengine, pili juhudi, tatu bahati.

Nimeyapima mambo hayo matatu kwa mizani yangu ya utunzi wa mashairi. La kwanza laonekana kama majivuno, na sisi twayachukia majivuno. Hata hivyo ni nani aliyewahi kusimama mbele ya watu akaghani utungo wake bila ya kudhani, japo kwa siku moja, kwamba ana neno ambalo wengine hawana? La pili halina mjadala. La tatu ndilo lililompa ami jina la kamari. Hapo nahitilafiana naye kidogo. Nahodha wa jahazi anayengoja kaskazi ipoe hajui atafika lini wala atakutana na nini baharini, lakini hatumwiti mcheza kamari. Amezitengeneza kamba zake, ametia kalafati, amejifunza nyota na mikondo. Mcheza kamari hana cha kujifunza, ametupa mkono. Mwenye kazi amefanya lililo lake, na linalobaki ni majaaliwa.

Mtungaji wa Bakuman, kwa kadiri nilivyofika, aelekea kukubali hivyo hivyo. Jina la katuni lenyewe, kama wasemavyo wajuzi wa Kijapani, lasikika ndani yake neno la kamari na neno la mlipuko, pamoja na jina la mnyama wa ngano zao anayekula ndoto. Maneno hayo yote yamefungwa pamoja na manga. Na kazi ya Takagi, yule kijana wa hesabu, ni kuipunguza kamari siku hata siku: kusoma hadithi zilizopendwa na kuuliza kwa nini zilipendwa, kupanga lini wapeleke kazi na kwa nani.

Mkono na wino

Babu yake Moritaka ampa ufunguo wa chumba cha kazi cha marehemu. Vijana waingia. Rafu zimejaa vitabu, meza iko vilevile, na humo mna marundo ya rasimu ambazo ami alizichora pasi na kuona chapa. Hapo ndipo masomo yaanzapo.

Moritaka agundua kwamba mtu hodari wa penseli aweza kuwa mtoto mchanga wa wino. Wachoraji wa manga hutumia kalamu za ncha za chuma za kuchovya. Moja yaitwa kalamu ya G. Ukiikandamiza hutoa mstari mnene, ukiiinua mstari wakonda, na mkono usiozoea hupasua karatasi au humwaga tone. Sisi tuliofunzwa chuoni kuchonga kalamu ya mwanzi na kuandika alifu moja mara mia twajua maana yake. Mwalimu hakuwa akitafuta alifu nzuri. Alikuwa akitafuta mkono uliokwisha tii.

Kabla ya wino kuna hatua nyingine. Mtunzi huandika kwanza rasimu ya mpangilio, ukurasa kwa ukurasa, akionyesha kila chumba cha picha kitakaa wapi na nani atasema nini. Rasimu hiyo ndiyo mhariri anayoisoma, na hapo ndipo hadithi nyingi hufa. Ikikubaliwa, huchorwa kwa penseli, kisha kwa wino, kisha hutiwa vivuli. Hadithi ya wiki moja huwa na kurasa kama 19. Wiki inayofuata kurasa nyingine 19. Mchoraji huajiri wasaidizi wa kumchorea majumba na miti nyuma ya picha, na mshahara wao hutoka mfukoni mwake mwenyewe.

Katuni yayaeleza hayo yote bila ya kumchosha mtazamaji, na hiyo si kazi ndogo. Nani angedhani kwamba kijana aliyeinamia karatasi anaweza kuonyeshwa dakika 20 na mtu asipige miayo? Siri yake ni kwamba kila sehemu ina tarehe ya mwisho na ina mtu wa kuogopwa. Hata majina ya sehemu yamepangwa kwa ustadi: kila jina ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa neno "na", kama vipande viwili vya mshororo mmoja. Sehemu ya kwanza yaitwa Ndoto na Uhalisi, na kwa kweli mizani ya kisa chote imo katika jina hilo.

Wawili kwa jina moja

Jambo la wawili kushirikiana latufaa tulitazame. Katika taarabu zetu mtunzi huandika na mwimbaji huimba. Sifa humwendea mwimbaji, na mtunzi huketi nyuma akitikisa kichwa. Takagi na Moritaka waliamua kutumia lakabu moja, Muto Ashirogi. Ndani ya Ashirogi mna silabi kutoka jina la Azuki, la Mashiro na la Takagi, na Muto ina maana ya ndoto kutimia. Lakabu hiyo ilibuniwa na rafiki yao Miyoshi, msichana ambaye hachori wala hatungi.

Na walioiandika Bakuman yenyewe nao ni wawili: Tsugumi Ohba, mtunzi, na Takeshi Obata, mchoraji. Wawili hao walikwisha kushirikiana katika Death Note, iliyotoka katika jarida hilohilo kuanzia 2003 hadi 2006. Ohba ni jina la kalamu, na mwenye jina hajajitokeza hadharani. Kwa hivyo mtazamaji anapomwona Takagi akiumiza kichwa na Moritaka akiumiza mkono, aweza kuamini kwamba waliosimulia waliyaonja.

Wajapani wana mfano wa kale zaidi. Mwaka 1954 vijana wawili kutoka mji wa Takaoka, Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, walikwenda Tokyo wakapanga chumba katika nyumba ya mbao iitwayo Tokiwa-so. Chumba walichokipata kilikuwa cha Osamu Tezuka, daktari kwa masomo na mchoraji kwa mapenzi, ambaye Wajapani wamwita mungu wa manga kwa lugha yao ya kutukuza. Nyumba hiyo ilikuwa na vijana kadhaa wa aina hiyo, wakigawana chakula na kumaliziana kazi. Fujimoto na Abiko walitumia jina moja la Fujiko Fujio, wakavuma, na Abiko akaja kuisimulia safari yao katika hadithi ya picha iitwayo Manga Michi, yaani Njia ya Manga. Nyumba ilibomolewa mwaka 1982. Mwaka 2020 mfano wake ulijengwa upya kuwa makumbusho. Bakuman ni mjukuu wa Manga Michi, ila mjukuu huyu hakulala njaa. Amezaliwa akakuta ufunguo na meza.

Kura ya wasomaji

Sasa tufike sokoni, maana hapo ndipo neno la kamari linaporudi. Vijana wapiga simu kwa ofisi ya jarida, wapewa miadi, wapeleka kurasa zao. Mhariri kijana, Hattori, azisoma mbele yao kwa haraka, na wao waketi kama watuhumiwa. Awaambia kwamba hadithi ina fikra lakini imejaa maelezo, na mkono wa mchoraji bado haujapevuka. Ila awapa anwani yake ili warudi. Kwa mtu wa nje hilo si kitu. Kwa wao ni kana kwamba mbingu zimefunguka.

Inapendeza kuona kwamba katika katuni jarida si Jump bali ni Jack, na kampuni yake imebadilishwa herufi. NHK ni shirika la umma na halitangazi bidhaa za watu. Katika vitabu vyenyewe jina la kweli limeandikwa wazi, pamoja na desturi za ofisi.

Desturi iliyo kali kuliko zote ni kadi ya posta. Ndani ya kila toleo mna kadi ambayo msomaji huandika hadithi tatu alizozipenda. Kura zahesabiwa, hadithi zapangwa kwa daraja. Iliyo chini kwa muda hukatwa, na pengine haikufikisha hata wiki kumi na tano. Mtunzi aliyekuwa akisimulia safari ya miaka huambiwa amalize kwa kurasa chache. Sisi tunaoandika magazetini twajua kwamba msomaji ni mfalme, lakini hatujawahi kumpa upanga na kumwekea shingo zetu juu ya meza kila Jumatatu.

Kisha aingia Eiji Niizuma, kijana wa miaka 15 kutoka Aomori, kaskazini ya nchi. Huchora huku muziki ukinguruma chumbani, apiga makelele, hajui adabu ya ofisi. Awaambia wahariri kwamba akiwa wa kwanza katika jarida, apewe haki ya kuikomesha hadithi moja asiyoipenda. Ni mwehu kidogo, na ni kipaji cha kuzaliwa. Takagi na Moritaka wapaswa kumfikia kwa hesabu na jasho. Waama, kila mtunzi anamjua Niizuma wake: yule ambaye mishororo humjia akiwa njiani, ilhali wewe umekesha ukitafuta kina kimoja.

Mama aliyenyimwa neno

Pamoja na sifa hizo, kuna mahali wino umechafuka. Moritaka anapoamua kuchora, mama yake apinga. Ana haki ya kupinga. Amemzika shemeji yake kwa kazi hiyo. Lakini jibu la baba laletwa na mama huyohuyo: kwamba wanaume wana ndoto ambazo wanawake hawawezi kuzifahamu. Na mambo yaisha hapo. Mama hapewi nafasi ya kusema analoliogopa, wala mtungaji hamrudii. Azuki naye, katika sehemu hizi 12, ni mshumaa wa mbali zaidi kuliko mtu. Twajua kwamba anangoja, hatujui anavyofanya kazi ya kuitafuta sauti yake.

Neno hilo la baba halisimami hata katika nchi yao. Machiko Hasegawa, mwanamke, alianza kuchora Sazae-san katika gazeti mwaka 1946. Katuni yake ya televisheni ilianza 1969 na bado yaonyeshwa. Rumiko Takahashi, mwanamke vilevile, ni miongoni mwa wachoraji waliouza vitabu vingi kabisa Japani. Nasi wenyewe utendi tunaousoma kwa heshima tangu mwaka 1858 ni wa Mwana Kupona. Mwanamke hakuwa mgeni wa kalamu. Kumfanya asiyefahamu ndoto ni uvivu wa mtunzi, na mtunzi hodari kama Ohba hakuhitaji uvivu huo.

Bei ya wino

Lililonigusa zaidi ni lile la kufa kwa kazi. Wajapani wana neno mahsusi kwa kifo hicho, karoshi, na tatizo limekuwa kubwa hata bunge lao likapitisha sheria ya kulizuia mwaka 2014. Katika katuni twamwona Moritaka akirithi chumba cha mtu aliyekufa hivyo, akikalia kiti chake, akishika kalamu zake, akikesha kama yeye. Wenziwe wamsifu kwa kukesha. Mimi mzee natazama nikitaka mtu mmoja aingie amwambie: zima taa, lala. Sijui kama sehemu zilizobaki zitamleta mtu huyo. Nitazitazama kwa ajili yake.

Kwani wazazi wengi miongoni mwetu watafikiwa na swali hilo, kama hawajafikiwa. Mtoto atakuja na daftari, aseme ataka kuchora, au kutunga, au kuimba. Mzazi atamtazama na kukumbuka ada ya shule na bei ya unga. Kumkataza kabisa ni kumfundisha kuficha daftari, kama Moritaka alivyolificha. Kumwachia tu aende ni kumtosa baharini bila ya dira. Ninavyoona mimi, katuni hii ya Kijapani yatupa maswali ya kumwuliza. Umewasoma nani waliokutangulia? Mkono wako umeufunza kwa muda gani? Nani atakusomea kazi yako na kukwambia kweli? Ukikataliwa mara kumi, utafanya nini mara ya kumi na moja? Na utalala saa ngapi? Mwenye majibu ya maswali hayo si mcheza kamari, hata kama bado hajapata senti. Asiye na majibu, hata akipata, ameokota.

Kwa hivyo yule ami marehemu namheshimu, lakini jina alilojipa silikubali. Mtu aliyeacha rafu za vitabu, marundo ya rasimu na kanuni tatu za kumwongoza mtoto, huyo alikuwa fundi. Kwake nimetunga ubeti mmoja:

Kalamu ukichukuwa, u chomboni msafiri,
Pepo ukizitambuwa, bahari haina shari,
Mwenye kukesha hupewa, juhudi ndiyo johari,
Kazi usipoijuwa, huigeuza kamari.